Tumaini Halikai Ikulu

Mtu aweza kutumaini peke yake kwamba mvua itanyesha au mgonjwa wake atapona. Hawezi kutumaini peke yake kwamba nchi itaacha hongo, kwa sababu hongo haiachwi na mtu mmoja. Tumaini la kisiasa lina tabia hiyo ya ajabu: huzaliwa kifuani mwa kila mtu, lakini halina nguvu mpaka ajue kwamba wenzake nao wanalo.

Tarehe 30 Desemba 2002, Mwai Kibaki alipoapishwa kuwa Rais wa Kenya Uhuru Park jijini Nairobi, nilikuwa kazini katika kiwanda kidogo cha uchapaji River Road. Mwisho wa mwaka ni msimu wa kalenda, na wateja wa kalenda hawana subira. Redio ilikuwa juu ya rundo la karatasi. Mashine ikinguruma hatukusikia kitu; ikisimama tuongeze wino, tulidaka kipande cha hotuba au vifijo vya umati. Ndivyo nilivyoupokea mwisho wa miaka 24 ya Daniel arap Moi na karibu miaka 40 ya utawala wa chama chake, KANU: vipande vipande, mikono ikiwa myeusi kwa wino. Rais mpya alikula kiapo akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa majeraha ya ajali ya gari iliyompata mapema mwezi huo. Fundi wa mashine aliuliza zile kalenda zenye picha ya Rais aliyeondoka zingefanywaje sasa, na kwetu hilo ndilo lililokuwa suala zito la siku.

Wengi walidhani tulimtumaini Kibaki. Lakini anayemtumaini kiongozi hukaa akamngoja, na Wakenya wa miezi ile hawakukaa. Abiria wa matatu walianza kumkemea polisi aliyemnyooshea makanga mkono apewe kitu kidogo. Kuna waliomkamata kabisa. Mishahara ya polisi ilikuwa ileile, na hongo ilikuwa imekatazwa kisheria tangu zamani. Kilichobadilika ni hesabu ya kila abiria. Zamani alijua kwamba akifungua mdomo wenzake watamwambia anyamaze, wanachelewa. Sasa aliamini kwamba viti vya nyuma vitamuunga mkono.

Kisha ikaja kashfa ya ufisadi ya Anglo Leasing ndani ya serikali hiyo mpya mwaka 2004, na watu wakasema tulikuwa wajinga kutumaini. Mimi siafiki. Kwamba wakubwa huiba, tulilijua hata kabla ya kupiga kura. Kilichotuumiza ni kuona jirani akiacha kuamini, na abiria akirudi kunyamaza. Baada ya uchaguzi wa 2007 jirani akawa mtu wa kuogopwa, na watu zaidi ya 1,000 wakauawa katika ghasia. Ukipima kwa imani ya jirani kwa jirani, hasara ile inazidi fedha zote zilizowahi kuibwa.

Je, kusema hivi si kuwasamehe viongozi? Hapana, ni kuwaongezea shtaka. Anayeiba baada ya siku kama ile huchukua kitu kisichorudishwa na mahakama yoyote: humfanya aliyekataa kutoa hongo aonekane zuzu, na wa kesho atakayetaka kukataa ajikute mpweke.

Kazini tuliishi kwa imani ya namna hiyohiyo bila kuipa jina kubwa. Mteja alitanguliza malipo kidogo, sisi tukachukua karatasi kwa mkopo, mchuuzi akabeba mamia ya kalenda akiamini kwamba watu asiowajua watazinunua. Mmoja akishuku wote, kazi nzima husimama. Kwa hiyo sioni kwamba kazi ilininyima siku ile. Kiapo cha Uhuru Park hakikutuletea jambo geni. Kwa miezi michache kilitufanya tuthubutu kuitendea serikali kama tulivyozoea kutendeana sisi wenyewe.

Siku nyingine ya namna hiyo ikija, uaminifu wa aliyeapa utanihusu, lakini hautakuwa swali langu la kwanza. Nitataka kujua kama aliyeketi kando yangu anaamini kwamba mimi nitasimama naye.