Damu Ndani ya Nyumba: Nani Alikosa?



Masomo: Hesabu 35, 9-34, Marko 5, 1-20, Yoane 9, 1-3.

Kuna vifo ambavyo matanga yake hatujui namna ya kuyaketi. Mzee akifa kwa ugonjwa, tunakuja, tunaimba, tunatoa mchango, tunarudi kwetu. Lakini kijana akimuua mama yake kwa sababu sauti zilimwambia kwamba huyu si mama bali ni adui aliyevaa sura yake, watu wanabaki mlangoni wakinong'ona. Wafiwa na jamaa ya muuaji ni watu wale wale. Baba amempoteza mke, na saa ile ile amempoteza mtoto aliye hai. Utampa pole ya nini kwanza?

Basi, kwa kuwa hatujui la kusema, tunauliza: nani alikosa? Ni swali la zamani. Wanafunzi walimwuliza Bwana hivyo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama kosa ni lake ama la wazazi wake. Bwana alikataa jibu la kwanza na la pili pia. Sisi tumeongeza la tatu, nalo ndilo baya kuliko yote: tunatafuta mlozi. Mtu anakwenda kuomba ufunuo, anarudi na jina la bibi kizee wa nyuma ya nyumba, ama jina la mtoto yatima anayelishwa na jamaa. Kesho kuna maiti ya pili, ama mtoto analala sokoni.

Mimi ni shemasi katika kanisa linaloamini kwamba Roho anasema mpaka leo. Ndiyo maana nasema wazi: Roho hakumtuma nabii yeyote aongeze damu juu ya damu. Na hata sheria ya nchi yetu, ile ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inamwadhibu kwa kifungo anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Nabii anayetaja mtoto namna hiyo ajue kwamba boloko inamngoja yeye.

Tuseme sasa juu ya ugonjwa wenyewe. Waganga wa hospitali wanauita skizofrenia. Shirika la Afya la Dunia linahesabu karibu mtu mmoja katika kila watu 300 duniani. Mara nyingi unaanza katika ujana, wakati mtoto anamaliza shule ama anatafuta kazi. Mgonjwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na anasadiki kabisa mambo yasiyokuwepo: chakula kina sumu, dada anatumwa na maadui. Wengi wao hawamuui mtu maisha yao yote. Wengi zaidi ndio wanaopigwa mawe na kunyang'anywa. Hatari inazidi pale ambapo hakuna matunzo, pale lutuku na bangi vinaingia, na pale mgonjwa anapoanza kumtaja kwa jina yule anayemwogopa. Mkisikia neno hilo, msingoje ibada ya siku ya Mungu. Toeni panga na shoka nyumbani, muondoe watoto, muite watu wenye nguvu na wenye upole, mumpeleke mgonjwa siku ile ile.

Kuna tena wazimu unaomshika mama baada ya kuzaa, siku chache tu baada ya kujifungua. Msidhani ni mambo ya Afrika. Tarehe 20 Juni 2001, mjini Houston, Marekani, mama mmoja aliwazamisha watoto wake watano katika maji ya kuogea, kiisha yeye mwenyewe akawaita polisi. Alikuwa mtu wa dini. Alikuwa ameugua miaka miwili kabla, alilazwa, na mganga alionya juu ya kuzaa tena. Dawa yake ya wazimu ilikuwa imesimamishwa majuma machache tu kabla ya siku ile. Alisadiki kwamba kwa kuwaua wangali wadogo alikuwa anawaokoa na jehanamu. Mwaka 2002 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2005 hukumu ikavunjwa, na mwaka 2006 baraza jipya likaona kwamba hakuwa na hatia kwa sababu ya wazimu. Akapelekwa hospitali, hakupelekwa nyumbani.

Sisemi mahubiri yalimpa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwepo. Lakini moto wa jehanamu tunaoupiga makelele juu ya mimbara unaingia pia katika masikio ya mama ambaye hajalala siku kumi. Wahubiri wafikiri jambo hilo.

Angalieni neno la mwisho la hukumu ile: hospitali, si nyumbani. Linanikumbusha sheria ya Musa. Mungu aliamuru Israeli watenge miji sita ya kukimbilia, mitatu kila upande wa Yordani, kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia. Najua sheria ile haimtaji mwenye wazimu. Inasema juu ya mtu kama yule ambaye chuma cha shoka kimechomoka katika mti wake. Lakini tazameni kile ambacho wazee wanaamriwa kupima: je, alikuwa na chuki? alimvizia? Mwenye sauti kichwani hakumvizia mama yake. Alidhani anajikinga. Basi hatumwiti muuaji sawasawa na mnyang'anyi.

Lakini yule wa mji wa kukimbilia hakuachwa atembee apendavyo. Alikaa ndani ya mpaka, mbali na kwao, miaka mingi pengine, mpaka kuhani mkuu afe. Na ndugu wa marehemu hawakuambiwa kwamba uchungu wao ni dhambi. Ndiyo sababu ninakasirika kidogo nikisikia mtu anamwambia mfiwa kwenye matanga, «Samehe tu, alikuwa mgonjwa.» Mama amekufa kweli. Binti zake wana haki ya kulia na kuogopa. Daudi alimlilia Absalomu, ingawa mtoto alimtafuta amwue.

Sasa, juu yetu sisi. Kuna waombaji wanaowaambia wagonjwa watupe kinini ili imani ionekane. Mgonjwa anatulia juma moja, kila mtu anashangilia, kiisha sauti zinarudi kwa nguvu. Hapo kuna kosa, na si la mgonjwa. Kuna pia wanaomfunga mtu kwa minyororo chini ya mti wa kanisa. Someni Marko: yule wa makaburini alikwisha kufungwa mara nyingi, na minyororo haikumponya. Alipopona alikuwa amevaa nguo na akili timamu, na Bwana akamtuma kwa jamaa yake. Dawa za ugonjwa huu zimejulikana tangu 1952. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Ni Wafurere wa Katoliki walioanza kazi hiyo. Tusione haya kupita mlango wao. Tuombe njiani tukienda, tuombe tukirudi.

Neno la mwisho ni kwa parokia yetu. Ndugu yetu mnayemjua ametoka hospitali. Anakaa kwa mjomba wake, mtaa mwingine, kwa sababu dada zake hawawezi bado kulala naye chini ya paa moja. Wazee waliwauliza wao kwanza kabla ya kukubali arudi ibadani. Ataketi nyuma karibu na mlango, pamoja na mimi. Asiitwe mbele kushuhudia. Watoto wasimwonyeshe kidole. Asiyeweza kumsalimia kwa mkono bado, amwachie nafasi apite. Sindano yake ni kila mwezi, na mjomba hana nauli ya mara zote. Watakaoweza kumsindikiza ama kuchangia waandikishe majina kwa katibu; wamama wa sala wamekwisha kuchukua mwezi wa kwanza.