Neno Lililorukwa

Tangu mwani uanze kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, walioibeba kazi hiyo kwa wingi ni wanawake. Kila bamvua utawaona wameinama kwenye maji ya magotini, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandwa baina ya vigingi. Pwani hiyo ya mashariki ya Unguja ndiko anakoishi mama wa kisa chetu.

Bei ya mwani mkavu ilipomchosha, alijifunza kuusaga na kuutengenezea sabuni za karafuu na mchaichai. Wageni walizipenda. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia tu: karibu, bei, asante. Kwa sabuni moja moja kilimtosha.

Siku moja akaja mnunuzi na mkataba wa kurasa nne, wote kwa Kiingereza. Akauweka juu ya mkeka, akaonesha pa kutia sahihi. Mama akamwita binti yake wa kidato cha pili.

"Hebu nisomee, mwanangu."

Binti akasoma kwa sauti nzuri, kama anavyosomeshwa skuli. Ukurasa wa tatu akakutana na neno refu. Akasita, akamtupia mama jicho, akaliruka. Mama alikuona kule kusita. Ulimi ulimwasha kuuliza, lakini mgeni alikuwa akimtazama na majirani wamejaa barazani. Akaona haya.

"Yesi," akasema. "Yesi, yesi." Akashika kalamu kwa vidole vilivyokaushwa na chumvi, akatia sahihi.

Neno lile lilimfunga asimuuzie mtu mwengine yeyote kwa miaka miwili. Alilijua miezi mitatu baadaye, hoteli moja ilipomwagizia sabuni 500 na mnunuzi yule akamletea barua ya kumzuia. Oda ikamponyoka, sabuni zikabaki chumbani.

Binti akalia. "Mama, mimi ndiye niliyekuponza."

"Hapana, mwanangu. Wewe uliliruka neno. Mimi nilikuona ukiliruka, nikanyamaza."

Funzo limo ndani ya jawabu hilo. Wanawake wengi wa vijijini waliishia shule ya msingi, nako Kiingereza walikionja kama somo la ubaoni. Hawakukosa akili, walikosa nafasi. Basi tuwape nafasi hiyo: darasa la baada ya Alasiri, karibu na nyumbani, lianze na maneno ya kazi zao, yaani malipo, muda, deni, kuvunja mkataba. Kiingereza cha mwenye biashara si pambo, ni kufuli la mlango wake.

Lakini kabla darasa halijafunguliwa, kila mama anaweza kujilinda kwa Kiswahili chake. Aseme: "Sijafahamu. Niandikie kwa Kiswahili. Nipe siku tatu nimwoneshe anayejua." Mnunuzi mwenye nia njema atangoja, na asiyetaka kungoja amekwisha kujieleza. Mabinti nao tuwafundishe kwamba kusema "neno hili silijui" ni uaminifu kwa mzazi, wala hakumpunguzii mtu usomi wake.

Dada yangu, mama yangu, ukiletewa karatasi usiyoielewa, usione haya. Mama wa kisa hiki alingoja miaka miwili mkataba uishe. Wewe ngoja siku tatu.