Dakika Kumi Juu ya Pikipiki Ngeni

Wajukuu zangu, Jumamosi niliketi chini ya mwembe kando ya uwanja nikawatazama. Kampuni ilikuwa imeleta pikipiki zake mpya, imesimamisha mahema na spika kubwa, imepanga koni za plastiki kwenye vumbi, na kijana mwenye kipaza sauti anaita: njoo ujaribu, ni bure, huna cha kupoteza. Mlikwenda kwa makundi, kutoka vijiwe vyote vya mji huu. Wengi wenu nawajua kwa sura, maana mmenibeba mara nyingi kunipeleka msikitini na kliniki. Kwa hiyo nasema nanyi kama mtu wenu. Neno lile la kwamba huna cha kupoteza si kweli, na shahidi wake ni mimi: mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sababu ya pikipiki ya kujaribu.

Ilikuwa mwaka 1986. Nilikuwa bwana shamba, na kwa miaka minane nilikuwa nimezunguka vijijini na Honda C90. Wa rika langu wanaikumbuka: gia tatu, zote zinaingia kwa kukanyaga mbele, haina klachi ya mkono. Ukoo wa pikipiki ile ulianza Japani mwaka 1958, na hakuna chombo cha moto kilichotengenezwa kwa wingi zaidi duniani. Kufikia 2017 zilikuwa zimepita milioni 100. Miguu yangu iliijua kama ulimi unavyojua lugha ya mama. Ndipo wauzaji wakaleta ofisini kwetu pikipiki kubwa zaidi, yenye klachi ya mkono, gia ya kwanza chini na nyingine zote juu. Wakanieleza. Nikasikia, nikaitikia, nikapanda. Wenzangu wote walikuwa wamesimama barazani wakinitazama.

Nilitoka vizuri. Nikafika gia ya tatu, upepo ukanipiga kifuani, nikataka ya nne. Mguu haukuniuliza. Ulifanya ulichozoea kwa miaka minane, ukakanyaga chini. Pikipiki ikaingia gia ya pili ikiwa kwenye kasi, tairi la nyuma likakamata, likateleza juu ya changarawe, nami nikaanguka ubavu, mguu chini ya injini. Nililala hospitali wiki tisa, na shamba letu mwaka ule mke wangu alililima peke yake, akiwa na mimba ya miezi sita.

Nawasimulia haya kwa sababu mtego ule uko palepale hadi leo. Zipo pikipiki ndogo mnazobebea abiria ambazo gia zote huingia kwa kukanyaga upande mmoja, na kubwa karibu zote hufuata ule mtindo wa moja chini, nyingine juu. Maelezo ya dakika mbili hayawezi kufuta mazoea ya miaka. Mtu akipanda pikipiki ngeni, kichwa chake kinajua yuko wapi, lakini mikono na miguu bado iko kwenye ile aliyoiacha kijiweni. Ndiyo maana mwenye uzoefu mkubwa yuko hatarini sawa na anayeanza, na pengine kumzidi, kwa kuwa yeye hatilii shaka mwili wake.

Angalieni na breki. Wengi wenu mnakanyaga ya mguu tu, ya mkono mnaiogopa, na kwenye barabara zetu za vumbi hofu hiyo naielewa. Lakini juu ya lami kavu kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki hufanywa na breki ya mbele, kwa kuwa uzito hukimbilia mbele unapofunga breki. Sasa hizi mpya nyingi zina diski mbele. Aliyezoea breki ya waya iliyolegea, ambayo lazima uikamue kwa nguvu zote ndipo ishike, akiikamua diski vivyo hivyo kwenye vumbi, tairi la mbele litakamata na atakuwa chini kabla hajajua limetokea nini. Ijaribuni breki kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mara tatu, mara nne, mpaka vidole vijue. Na matairi mapya kabisa huwa bado yanateleza. Watengenezaji wake wenyewe wanaonya watu wasilale sana kwenye kona kwa kilomita 100 hivi za mwanzo. Pikipiki ya maonyesho mara nyingi haijafika hata huko.

Nguvu nayo. Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi kama 12. Pikipiki ya mbio ya cc 1000 hupita 180. Mwendo ule wa mkono wa kulia, mwendo mdogo tu, ambao kwenye Boxer unakupandisha kilima cha nyumbani na abiria wawili, kwenye ile nyingine unainua tairi la mbele. Kisha kumbukeni kwamba kwa kilomita 60 kwa saa unakula mita 17 kila sekunde, na kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Uwanja ule mlioupima kwa macho mkaona ni mkubwa, kwa kasi hiyo hauchukui hata sekunde kumi.

Za umeme zinahitaji neno lake. Nimefurahi kuziona, kwa sababu moshi na kelele vimetuchosha, na Rwanda imeshaamua kwamba tangu mwaka 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zisajiliwe za umeme tu. Lakini ninyi mmefundishwa na sikio. Injini ikinguruma mnajua iko hai, ikinyamaza mnajua imelala. Ya umeme iko kimya ikiwa imezimwa, na iko kimya ikiwa tayari kuondoka. Tena mota yake hutoa nguvu yote tangu tairi likiwa limesimama; haisubiri kupanda mizunguko kama ya petroli. Jumamosi nilimwona mmoja wenu amesimama pembeni ya pikipiki, hajaikalia, akaushika mkono wa mafuta na kuuzungusha kama mtu anayejaribu bomba lisilo na maji. Ikaruka ikamtoka mikononi ikaenda kupindua meza ya mama muuza maji. Mtoto wa mama yule alikuwa amenyanyuka hapo dakika moja kabla kwenda kuchota barafu. Dakika moja. Nimelala nikiiwaza.

Mliokuwepo mlimcheka kijana yule na kumrekodi kwenye simu. Hapo ndipo penye ugonjwa, na nitawaambia bila kuzunguka. Hamkwenda kuijaribu pikipiki. Mlikwenda kujionyesha. Nilihesabu vijana kumi na saba waliopanda, na sikumwona hata mmoja aliyepanda bila kutafuta kwanza nani anamtazama. Macho yakishakuwa kwa watazamaji, pikipiki nayo huelekea huko, maana chombo cha magurudumu mawili hufuata macho ya anayekiendesha. Ukikazia macho shimo utaingia shimoni. Ukikazia macho wasichana walio kando ya uzio, mwisho wako ni uzio.

Na mtengenezaji ana wajibu wake. Huko Marekani, kwenye Wiki ya Pikipiki ya Daytona Beach, iliyoanza mwaka 1937 na hufanyika kila Machi, makampuni hupanga pikipiki zao watu wazijaribu, na desturi inajulikana: onyesha leseni ya pikipiki, vaa kofia ngumu, suruali ndefu na viatu vya kufunika, kisha mtakwenda kwa msafara nyuma ya kiongozi, na mwingine wa kampuni akifunga mkia. Asiyetimiza hapandi, hata awe na fedha za kununua kumi. Jumamosi mimi sikuona leseni ikiombwa. Niliona kofia tatu zikipokezanwa na watu wengi, mkanda wa kidevuni ukining'inia. Uchunguzi uliokusanya tafiti 61 na kutolewa mwaka 2008 ulikuta kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Kampuni isiyowadai leseni wala kofia haijawajali, hata ikiwapa fulana ya bure. Ondokeni.

Ile fomu mliyotia saini mkiwa mmesimama, mliisoma? Fomu za namna ile kwa kawaida husema kwamba lolote litakalotokea ni juu yako. Ulizeni kabla ya kushika kalamu: pikipiki hii ina bima gani? Bima ndogo humlipa yule utakayemgonga. Hailipi mguu wako, wala haitengenezi pikipiki uliyoivunja. Kama fomu imeandikwa kwa Kiingereza na huelewi, hiyo ni sababu ya kutosha ya kutotia saini, na wala usione haya kusema hivyo mbele za watu.

Kisha kuna meza ile ya pili, iliyowekwa palepale mtu anaposhukia. Sikuipenda tangu nilipoiona. Kijana anashuka, moyo unamdunda, mikono bado inatetemeka kwa raha, na dada mpole anampa kiti na karatasi za mkataba. Saa hiyo hakuna anayeweza kupiga hesabu. Mkataba wa elfu 70 kwa wiki unasikika mwepesi. Kwa wiki 60 ni milioni 4 na laki 2. Kama bei taslimu ni milioni 3, umekubali kulipa milioni 1 na laki 2 juu yake, na wiki utakayougua hesabu bado itadaiwa. Ninyi mnaojua adha ya kumpelekea tajiri hesabu kila jioni mnajua ninachosema. Chukueni karatasi, nendeni nazo nyumbani, lalieni usiku mmoja, mwonyesheni mke au mama. Muulizeni fundi wenu kama spea zake zinapatikana mjini hapa. Ya umeme, ulizeni betri hubadilishwa wapi, na huenda kilomita ngapi ikiwa na abiria na kilima, maana zile za kwenye bango ni za mtu mmoja kwenye tambarare. Mkataba ambao ni mzuri Jumamosi utakuwa mzuri pia Jumanne.

Siwakatazi kujaribu. Kununua pikipiki bila kuijaribu ni upofu, na dakika kumi mkizitumia kwa utulivu zitawaambia mengi: kama miguu yote miwili inafika chini, kama usukani ni mzito ukiwa mwendo mdogo, kama shokapu zinaumiza mgongo, kama breki zinashika sawasawa. Hayo hayahitaji kasi. Jaribio zuri kuliko yote niliyoyaona Jumamosi lilikuwa la binti mmoja mwenye buibui, anayesambaza mikate. Alizunguka koni mara nne polepole mno, akasimama, akainama kutazama cheni, akauliza maswali, akaondoka na karatasi yake. Hakuna aliyemrekodi.

Nimesikia kampuni ile inarudi Jumamosi hii, uwanja uleule. Nitakuwa chini ya mwembe tangu saa tatu asubuhi. Njooni na leseni zenu, kofia zenu wenyewe na viatu vya kufunika. Atakayekuja na kandambili, nawaomba ninyi wenzake mmrudishe nyumbani kabla hajaifikia pikipiki.