Mlango na Ukuta

Nimetunga mitihani ya chuo cha ualimu kwa zaidi ya miaka 20, hivyo siwezi kuulaani mtihani. Muuguzi wa kwetu anayetaka kufanya kazi Uingereza hupimwa Kiingereza, kisha nadharia ya uuguzi, kisha vitendo. Ni haki, maana mgonjwa hamchagui anayemdunga sindano.

Lakini mwaka 2022 binti wa jirani yangu, muuguzi hodari wa wodi ya wazazi, alifaulu kusoma, kusikiliza na kuzungumza Kiingereza, akapungukiwa nusu alama katika kuandika. Akaenda vilevile, kuogesha wazee. Alipopata ada ya kurudia, matokeo ya kwanza yalikuwa yamekwisha muda, kwani hudumu miaka 2 tu.

Nani amefaidika, ndugu msomaji? Wodi yetu imempoteza muuguzi, na huko hawajampata. Muuguzi huandika taarifa ya mgonjwa, si insha ya hoja. Mtihani unaopima kazi ni mlango. Unaopima jambo jingine ni ukuta.

Nami usiku huwakumbuka vijana niliowaangusha kwa insha moja. Wangapi wangekuwa walimu bora kuliko mimi?