Mlezi wa Vunjajungu

Mdudu huyu alipewa jina la lawama. Ameitwa vunjajungu kwa sababu wazee waliamini kwamba amgusaye hakawii kuvunja chombo. Mimi nilimgusa, nikawalea na watoto wake, wala hakuna chungu kilichovunjika nyumbani kwangu.

Eastleigh si mahali ambapo mtu hutazamia kumwona mdudu wa majani. Tangu miaka ya 1990, nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ilipogeuzwa kuwa maduka, majumba ya biashara yamezidi kusongamana na bustani zimepungua. Lakini panaposalia ua wa mimea, vunjajungu naye husalia. Nilikiona kifuko cha mayai juu ya kijiti cha ua uliokatwa, mfano wa povu lililoganda. Nikakitia katika chupa pana ya kioo, nikafunika kwa kitambaa chepesi. Majuma kadhaa yakapita, na asubuhi moja wakatoka wadudu wapatao mia, wembamba kama uzi, wasio na mbawa, nao wamekwisha kukunja mikono kifuani kama waombao.

Mahitaji yao si mengi. Ndizi iliyoiva kupita kiasi huleta nzi wadogo wa kuwalisha. Maji hunyunyizwa kidogo, kwani hunywa matone kama ya umande. Tena wawekewe vijiti virefu, maana mtoto wa vunjajungu hujivua ngozi mara nyingi kabla ya kukua, naye hufanya hivyo akining’inia kichwa chini; akianguka wakati huo huweza kulemaa au kufa.

Nikayatimiza hayo yote, na siku ya tatu nikakuta nusu yao hawapo. Walikuwa wamelana.

Nilijituliza upesi. Hiyo ndiyo tabia yao, nilisema. Nani amlaumuye simba kwa kumla swala? Mpwa wangu, aliyekuwa akitazama chupani, akauliza, “Mjomba, wangekuwa uani wangelana hivi?”

Swali hilo liliniondolea udhuru. Uani pia wangelana, lakini si hivi. Huko hutawanyika mapema. Aliye dhaifu hukimbia, au hujificha nyuma ya jani. Katika chupa yangu hapakuwa na jani wala njia. Tabia ilikuwa yao, lakini kifuniko kilikuwa changu. Mtu akiwafungia viumbe mahali pasipo pa kukimbilia, kisha akasema maumbile ndiyo yaliyoua, amesema nusu ya kweli na kuificha nusu inayomhusu.

Nikawatenga ishirini, kila mmoja katika kikombe chake, na waliobaki nikawarudisha uani. Najua ya kuwa wengi wao waliliwa na siafu, buibui na ndege. Mtu anaweza kusema kwamba ukatili wa chupa ulikuwa na nafuu kuliko huo. Sikubali. Sikuwapa usalama, lakini niliwarudishia miguu yao, na miguu ni mali ya mwenyewe.

Hata hivyo hoja yangu ilinishika mwenyewe kooni. Wale nzi je? Niliwazalisha kwa mamia katika chupa nyingine, nikawamimina vikombeni, mahali pasipo na jani la kujificha. Nilijaribu kujiambia kwamba nzi hana thamani, lakini aliyekuwa akisema hivyo alikuwa mwenye vunjajungu. Nikaendelea kuwalisha kwa sababu bila nzi wangekufa njaa, na njaa hiyo pia ingekuwa kazi ya mkono wangu. Sikuiona njia ya tatu, isipokuwa ile ya kutokianza kitendo, nayo ilikuwa imekwisha kunipita siku niliyokichukua kile kijiti.

Walipoota mbawa walikuwa wamesalia kumi na mmoja. Jioni moja tukavichukua vikombe mpaka kwenye ua ule ule, tukavifungua kimoja kimoja. Wa mwisho hakuondoka mara moja. Alisimama juu ya kidole changu, akageuza kichwa chake, akanitazama, kisha akapanda majanini. Mpwa wangu alikuwa ameishika chupa ya ndizi. Akauliza kama na nzi wafunguliwe.

Nikamwambia afungue.