Baba wa Nyumba na Ukuhani Wake

Somo: 5 Mose 6, 4–9



Musa alipokuwa karibu na kufa, naye akijua ya kuwa hatavuka Yordani, aliwaachia Waisraeli neno kuu kuliko yote: ya kuwa Bwana ni mmoja, naye apendwe kwa moyo wote. Makuhani walikuwako, Walawi walikuwako. Lakini neno hili alilitia katika kinywa cha baba na mama, akawaonyesha na nyakati za kulinena kwa watoto: mtu aketipo nyumbani mwake, aendapo njiani, alalapo, na aondokapo. Tazameni, katika nyakati hizi nne hamna hata moja iliyo ya kanisani.

Nayaandika haya kwa sababu ya jibu tulisikialo sana, wachungaji na walimu, siku za kuandikisha vijana wa kipaimara. Humwuliza baba, "Mzee, huyu kijana wako azijua Amri za Mungu?" Naye hujibu, "Bwana Mchungaji, si ndiyo maana nimemleta kwenu?" Hujibu kwa adabu, wala hadhani ya kuwa amesema neno baya. Kwake yeye, mtoto wa kufundishwa habari za Mungu ni kama kitambaa cha kushonwa: hupelekwa kwa fundi, na siku ya siku mwenyewe huja kukichukua kikiwa nguo.

Wazee wetu wa Usambara, kabla hawajaisikia Injili, hawakufanya hivyo. Waganga walikuwako, na mfalme wa Vuga alikuwa na kazi yake ya mvua. Bali mambo ya mizimu ya ukoo mwenye nyumba aliyashika mwenyewe. Baba ndiye aliyetambika kwa ajili ya watu wake, na mwanawe alisimama karibu akitazama, kwa maana alijua ya kuwa siku moja zamu itamfikia. Sisi haturudi katika ibada ile. Kristo ametutoa humo. Lakini nauliza: wamisionari Johannssen na Wohlrab walipofika Mlalo mwaka 1891, na baada yao babu zetu wakaanza kuyaacha matambiko, je, Injili ilimwambia baba auache na ukuhani wa nyumba yake? Haikumwambia. Ilimwambia aiache mizimu, amshike Mungu aliye hai, yeye pamoja na nyumba yake. Wengi wetu tumelitua lile la zamani, na jipya hatukulipokea. Tumemwachia mwalimu alibebe, na mikono yetu imebaki mitupu.

Tena nyumba ya namna hii haikai tupu siku nyingi. Mtoto hushikwa na homa usiku. Dawa ya hospitali amekwisha kupewa, na bado halali. Mama yu macho, bibi yu macho, wote wanamtazama baba. Baba hana neno. Hajazoea kuomba mbele ya watu wake, aona haya kuanza usiku ule. Ndipo mmoja wa ukoo, kwa sauti ya chini, aitajapo njia ya kwenda kwa mganga wa ramli. Twalaumu sana Wakristo waendao huko, na twafanya vema kulaumu. Lakini tutazame nao walitoka katika nyumba ya namna gani.

Martin Luther aliuona umaskini huu kwao. Mwaka 1528 alikwenda kukagua makanisa ya Saxony, akakuta watu wa vijijini waliobatizwa, nao hawajui Imani wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengine hawawezi kuwafundisha. Kwa hiyo mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo. Wengi wetu twakidhani kitabu hiki kuwa cha darasani, kwa sababu darasani ndiko tulikokionea. Lakini juu ya sehemu zake kuu Luther aliandika ya kuwa hivi ndivyo baba wa nyumba apaswavyo kuwafundisha watu wake kwa maneno mepesi. Kitabu kiliandikiwa meza ya chakula na kitanda cha mtoto. Na Luther mwenyewe, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, alikiri ya kuwa kila siku huyasema maneno hayo kama mtoto mdogo, wala hajamaliza kujifunza. Basi baba asemaye, "Mimi sikusoma sana," asiogope. Akianza na Amri moja kwa juma, akaisoma polepole mbele ya watoto wake, amekwisha kufanya lile ambalo kitabu kile kiliandikiwa.

Wako watakaosema, "Baba hayupo nyumbani." Neno hili ni la kweli, wala si jipya. Tangu mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, serikali ya Wajerumani iliwapa wanaume kadi. Kila mmoja alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Kadi ilizihesabu siku za mwenye shamba. Siku alizokosa kukaa na watoto wake hakuna aliyezihesabu. Baadaye wengi walishuka kwenye mikonge ya Korogwe na Tanga. Leo baba yuko Dar es Salaam kutafuta kazi, au huondoka usiku na gari la kabichi na viazi. Sitamlaumu mtu atafutaye chakula cha watoto. Namwambia hili tu: wewe uliye mbali huuliza kwa simu kama mbolea imefika, kama ng'ombe amezaa, kama ada imelipwa. Uliza na hili, "Jana usiku mlisoma nini?" Mtoto aulizwapo na baba yake aliye mbali juu ya Neno la Mungu, ajua ya kuwa jambo hili ni kubwa.

Na kuna safari nyingine inayoniuma zaidi. Binti zetu hushuka milima hii mpaka Mombo, wakapanda basi kwenda kufanya kazi za ndani mjini, wengine kabla hawajakomaa. Baba ambaye hangempa mtu asiyemjua mbuzi wake bila kuuliza jina na kijiji, humtoa binti kwa neno la mtu mmoja tu. Kuongoza nyumba kwa roho si kuimba na kuomba peke yake. Ni kuuliza: aenda kwa nani? Atalala wapi? Jumapili ataachiwa kwenda ibadani? Akionewa, atamkimbilia nani? Na majibu yakiwa mabaya, baba aweza kusema, "Hapana," hata kama fedha ilikuwa imeahidiwa.

Wengine huogopa kuiongoza nyumba, wengine huiongoza kwa fimbo. Hawa nao wasikie. Wazee wa Mlalo wayakumbuka matuta. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha huko mpango wa kuuhifadhi udongo, na watu wakaamriwa kuchimba matuta katika miteremko, asiyechimba aliadhibiwa. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli, na shabaha haikuwa mbaya. Lakini mwenye jembe aliamriwa tu, hakuelezwa akaridhika. Watu wakaichukia kazi, na kabla ya kuisha miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mtoto asaliye kwa sababu fimbo iko juu ya mlango huacha kusali siku ile akaapo mahali pasipo fimbo. Mtume Paulo awaagiza akina baba, Waefeso 6, 4, wasiwatie watoto uchungu, bali wawalee katika maonyo ya Bwana. Kuonya kupo, na adhabu ya haki ipo. Lakini mtoto amwone na baba mwenyewe akipiga magoti, na akimwomba mama msamaha alipomkosa.

Sasa nasema na ninyi, walimu na wainjilisti, nami ni mmoja katika safu yenu. Eli alikuwa kuhani wa Shilo. Taa ya Mungu ilikuwa mikononi mwake, naye ndiye aliyemfundisha kijana Samueli kuitika sauti ya Bwana. Mtoto wa watu alimfundisha vema. Wanawe mwenyewe waliila sadaka ya Bwana kwa dharau, na Eli, ajapokuwa alisema nao, hakuwazuia (1 Samueli 2 na 3). Kazi yetu ina hatari hii. Twatoka mapema kwenda mtaa wa pili, twarudi usiku, na wa nyumbani hupata makombo ya sauti iliyokwisha kuchoka. Afadhali mkutano mmoja uahirishwe kuliko watoto wa mwalimu kumjua baba yao kwa mahubiri tu.

Na mama ambaye mumewe si Mkristo? Katika Usambara nyumba zilizochanganyika na ndugu zetu Waislamu ni nyingi, na kila mmoja wetu ana jamaa huko. Mama huyu asidhani ya kuwa haya hayamhusu. Babaye Timotheo alikuwa Myunani, hatusikii ya kuwa aliamini. Imani ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kama Paulo aandikavyo, 2 Timotheo 1, 5. Mama amheshimu mumewe, asigombane naye mbele ya watoto, naye anene nao njiani, waendapo kutafuta kuni au kushuka gulioni Soni. Njia zetu ni ndefu na zenye mwinuko; habari yote ya Yusufu yaweza kusimuliwa kabla ya kufika juu. Na bibi asiyejua kusoma amweke mjukuu karibu na moto jioni, ampe Biblia, amwambie, "Nisomee, mjukuu wangu, macho yangu hayaoni." Mtoto atasoma kwa ajili ya bibi, na atakaposita kwenye neno gumu, bibi aliyelisikia kanisani miaka mingi atamtajia.