Kipepeo wa Novemba na suala la kusudi

Jua linapowaka mwanzoni mwa Novemba kusini mwa Uingereza, vipepeo wachache bado hutua kwenye maua ya Hedera helix, mtambaazi unaochanua wakati miti mingi inapukutisha majani. Miongoni mwao huwamo Vanessa cardui, mwenye mabawa ya rangi ya chungwa na ncha nyeusi. Huyu hana usingizi wa kumvusha kipindi cha baridi, na jalidi ya huko humuua. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wote wanaozaliwa Uingereza wakati wa kiangazi hufia huko huko, hivyo safari ya wazazi wao kutoka kusini ikaonekana hasara tupu.

Hasara hiyo ilikuwa pingamizi kwa mwanafalsafa Aristotle, aliyefundisha kwamba maumbile hayafanyi kitu bure. Ilimfaa zaidi mwanafalsafa Spinoza, ambaye kitabu chake Ethics, kilichotoka 1677, kinadai kuwa binadamu ndiye anayebandika makusudi kwenye maumbile.

Mwaka 2012 utafiti wa rada ulionyesha kwamba vipepeo hao hurudi kusini, wakiruka kwa wastani zaidi ya mita 500 juu ya ardhi, mahali jicho halifiki. Baadaye ikabainika kuwa baadhi ya wale wa Ulaya huvuka Sahara. Aristotle hakushinda kwa hilo. Kilichoanguka ni dhana kwamba njia isiyoonekana haipo. Na uteuzi wa asili alioueleza Darwin mwaka 1859 unatosha kufafanua kwa nini silika ya safari hudumu: wanaorudi huacha uzao, bila nia ya yeyote kuhitajika.

Anabaki yule kipepeo aliyechelewa hadi Novemba, ambaye jalidi itamuua. Faida ya spishi haimfikii, na hapa ndipo suala la kidini linapoanza hasa. Musa bin Maimun, mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12 anayejulikana pia kama Maimonides, alishikilia kwamba miongoni mwa wanyama ulinzi wa Mungu huihusu spishi, si mnyama mmojammoja. Ulinzi wa mmojammoja ni kwa binadamu tu. Injili ya Mathayo inapomtaja shomoro, na Kurani, katika sura ya Al-An'am, inapotaja jani linaloanguka, upeo unaonekana mpana zaidi: hata kidogo kabisa kimo katika ujuzi wa Mungu. Lakini shomoro huyo huanguka, na jani pia. Kujulikana na kuokolewa ni mambo mawili, na wasomaji wengi wa maandiko hayo huyachanganya. Kuhusu kipepeo wa Novemba, maandiko hayo yanathibitisha la kwanza bila kuahidi la pili.